Mdomo Mwekundu Tumboni Mwangu

Ninakuandikia wewe uliyefunua shuka asubuhi hii ukakuta tumboni mwako kitu ambacho hukulala nacho. Najua ulichofanya. Ulikifunika upesi, ukatazama juu, ukaanza kuhesabu mabati. Mimi niliyahesabu ya wodi ya upasuaji Kibondo mpaka nikajua lipi lina kutu na lipi limepungukiwa msumari. Siku ya tatu ndipo nilipotazama tumbo langu.

Mimi ni mwalimu wa Sayansi katika shule moja ya msingi, kata ya Kitahana. Ni mbishi, na mume wangu Yohana atakuthibitishia hilo kabla hujamuuliza. Mwezi wa pili, maharage ya kwanza yakiwa yameng'olewa na kuanikwa uani, tumbo lilianza kuniuma nikiwa napura. Nikanywa maji ya moto nikaendelea kupura. Kufika mchana lilikuwa limevimba kama nina mimba ya miezi minane, na hapakutoka haja wala upepo. Yohana alinipakia kwenye pikipiki, jirani akakaa nyuma kunishikilia nisianguke. Binti yetu Neema, wa miaka minne, alibaki amesimama kwa bibi yake na kijiko mkononi. Hospitalini daktari alisema utumbo umejisokota na kipande kimeoza, wanapaswa kunipasua saa ile ile. Niliweka dole gumba kwenye karatasi ya kukubali, mimi mwalimu, kwa kuwa mkono haukuweza kushika kalamu.

Basi siku ya tatu nikafunua. Upande wa kushoto, chini ya kitovu, ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, palikuwa na kitu chekundu, kibichi, chenye maji maji kama ndani ya shavu, ukubwa wa kifuniko cha soda. Ulikuwa utumbo wangu mwenyewe, wametoa ncha yake nje na kuishona kwenye ngozi ili choo kipitie hapo. Nilikitazama, kikajikunja. Kisha kikajikunjua. Sikukiamuru. Nilipiga kelele, muuguzi akaja mbio akidhani nimeanguka.

"Hiyo inaitwa stoma, Mwalimu," akasema. "Haijaumia. Inafanya kazi yake."

Nilimwambia kazi hiyo ingefanyika mahali pengine. Nilikuwa na hasira na kila mtu mzima mwenye makalio yanayofanya kazi.

Kando ya kitanda cha pili alikuwapo mama mmoja wa Kikongo, Mama Furaha, mkazi wa kambi ya Nyarugusu, anayeuza sombe, yaani kisamvu, na sabuni sokoni kule. Hakuwa mgonjwa, alikuja kumuuguza dada yake. Aliposikia kilio changu alisogea, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kualikwa, akapandisha blauzi. Naye alikuwa nayo.

"Mwalimu, usilie. Angalia yangu," akasema. "Mi niko nayo tangu miaka mingi, na yangu haitafungwa. Hii haiko kidonda, ni mudomo tu. Unaisafisha na maji ya vuguvugu, pole pole, kama unapanguza mutoto uso. Gusa. Gusa, haiume!"

Nikagusa yangu kwa ncha ya kidole. Kweli haikuuma. Ilikuwa ya moto na laini, na chini ya kidole nilisikia inasukuma, kama mtoto anavyosukuma tumboni. Mpaka leo sijui nieleze vipi nilichohisi. Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa nimetembea na kitu hiki ndani yangu, kinanifanyia kazi mchana na usiku bila sifa wala shukrani, na ndiyo kwanza tunaonana.

Mama Furaha alinifundisha yote ambayo karatasi ya hospitali haikusema. Mifuko ikiisha, chukua sashe imara, ndivyo anavyoita mfuko wa plastiki, kata tundu linaloenea, zungushia kitambaa cha pamba, funga kiunoni kwa utepe wa kanga kuukuu. Usile maharage siku ya kwenda kanisani. Lala chali. Siku ya kuondoka alinishika mabega, akaniambia nijipe moyo: "Batu batakukimbia kwanza. Kisha batarudi. Kuraje, mwalimu!"

Daktari alisema yangu ni ya muda. Mvua zikiisha, kiangazi kikikaribia mwisho, niende Kasulu ambako daktari wa upasuaji angeweza kuurudisha utumbo ndani. Miezi saba, basi. Nilidhani kazi ni kusubiri tu.

Sasa nikuambie kosa langu.

Njiani kurudi nyumbani, mimi na Yohana tulikubaliana kutomwambia mama yake. Tungesema nina kidonda cha tumbo, basi. Sababu nitaisema waziwazi: niliogopa kwamba akijua ninajisaidia kupitia tumboni, atamwambia mwanawe atafute mwanamke mzima. Yohana naye aliona haya. Hakusema, lakini alikuwa anafungua dirisha kila akiingia chumbani.

Ukiwa si wa huku labda hujui salamu zetu. Kwa Waha, mke hamsalimii mama mkwe akiwa wima. Unachuchumaa hadi chini, unakutanisha viganja na kuvipiga taratibu, na unabaki hivyo hivyo mpaka mkubwa akuitikie, "Ego." Asipokuitikia, hujaingia kwake. Sasa, hospitalini niliwahi kuchuchumaa nichukue ndala chini ya kitanda, mapaja yakaukandamiza mfuko, ukabanduka wote. Niliapa sitachuchumaa tena mpaka stoma ifungwe.

Nilipofika kwa mama mkwe kumchukua Neema, nikasimama mlangoni, nikainamisha kichwa kidogo.

"Mwakeye, Mama."

Alikuwa anachambua mchele. Alinitazama kuanzia miguuni, akapanda taratibu mpaka usoni. "Nani huyo anayenisalimia kama karani?" akasema. "Mimi karani simjui."

Akanyanyua ungo wake akaingia ndani. Neema alichungulia mara moja, mkono ukamrudisha.

Siku ile ile alimwita Yohana. "Mtu aliyesahau kuchuchumaa atamfundisha nini mtoto? Amelala hospitali ya mjini wiki tatu tu, karudi na kiburi. Neema atakaa hapa."

Ningeweza kumaliza jambo hilo kwa sentensi moja. Sikuisema. Nilimwambia Yohana, "Basi akae naye," nikaingia ndani kulia. Ndivyo nilivyo, na ugonjwa haukunibadilisha tabia.

Mvua za masika zikaja, tukapanda maharage ya pili, mimi nikipanda kwa kuinama badala ya kuchuchumaa. Kila mwezi nilikwenda Kibondo kliniki. Benchi la pale ni la mbao, wanakaa watu wanane. Mara ya kwanza mfuko wangu ulijaa hewa nikiwa katikati, ukatoa sauti kisha harufu, na baada ya robo saa nilikuwa nimekaa peke yangu kwenye benchi la watu wanane. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mwezi uliofuata mzee mmoja mwenye bandeji mguuni alikuja akakaa karibu yangu kabisa. "Pua yangu ilikufa zamani, mwanangu," akasema. "Kaa kwa amani." Sikumwona tena, lakini namwombea.

Nilirudi darasani mapema kuliko nilivyoambiwa. Siku moja ya mvua, nikiwa nageuka kuandika ubaoni, tumbo langu lilisema kwa sauti ndefu yenye mkunjo mwishoni. Wanafunzi arobaini wakanyamaza. "Vyura wameanza," nikasema, nikaendelea kuandika. Hakuna aliyecheka, na kimya kile kiliniuma kuliko ambavyo kicheko kingeniuma.

Nyumbani Yohana alihamia kwenye kitanda cha Neema. Alisema ni kwa ajili ya mgongo wake. Nilioga mara tatu kwa siku. Nilimwona Neema kwa mbali, jioni, akipita na bibi yake kwenda kisimani, amekua, amebeba kidumu kidogo. Aliponipungia mkono bibi yake hakumkataza, lakini hakusimama.

Mwezi wa tano tukafika kwenye somo la jinsi mimea inavyotengeneza chakula. Kwa miaka kumi na moja nilichora ubaoni mchoro ule ule: maharage mawili yametazamana, katikati uwazi, nikaandika "stomata" na kusema ni matundu ya jani. Wanafunzi walichora, nikaweka tiki. Sikuwahi kuyaona. Mwaka huu nilipoandika neno hilo nikasikia ndani yake lile la muuguzi, stoma, na chaki ikanikatalia mkononi. Nikawaambia wafunge madaftari.

Mtu wa maabara wa zahanati yetu ni jirani, na ana hadubini ya kupimia malaria. Nilimsumbua mpaka akakubali tuje Jumamosi asubuhi. Tulichuma yale majani laini yanayoota kando ya bafu kwenye maji maji, akatuonyesha kukunja jani na kuchuna ngozi yake ya chini, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Akaitandaza kwenye kioo na tone la maji. Wanafunzi wakapanga mstari. Msichana wa kwanza aliinama, akakaa sana, wenzake wakaanza kumsukuma.

"Mwalimu," akasema bila kuinua kichwa, "jani lina midomo!"

Zamu yangu ilipofika niliinama kwa uangalifu, mkono mmoja umeshika mfuko. Na niliona. Midomo mingi sana, imetawanyika kila mahali, kila mmoja na papi zake mbili, yote imeachama. Kwenye kipande kile ambacho kingefunika ukucha tu! Nikafikiria jani zima, kisha mti, kisha kilima chote cha Kitahana kilivyo kijani mwezi wa tano, midomo wazi kila upande tunaopita tukidhani kumetulia. Nilimwomba Mungu msamaha kwa ule mchoro wangu wa maharage.

"Subiri," akasema mtu wa maabara. Akaweka tone la maji ya chumvi pembeni, akaniambia niendelee kutazama. Ilichukua dakika kadhaa. Papi zikaanza kusinyaa, uwazi ukapungua, mmoja ukafumba, na jirani yake, na mwingine.

"Limeogopa kukauka," akasema. "Likifumba linatunza maji. Lakini hewa haiingii, chakula hakitengenezwi. Haliwezi kukaa hivyo siku zote."

Wanafunzi walibishana zamu nani atazame tena. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye msingi wa zahanati. Nilikuwa nimefumba tangu mwezi wa pili, na mtoto wangu alikuwa analala nyumba nyingine.

Sikurudi nyumbani kubadilisha mfuko wala kufikiri. Nikifikiri huwa nabisha. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Alikuwa uani, Neema pembeni yake akichambua maharage kwa vidole vyake vifupi. Nikasimama mbele yao, nikakunja kitenge katikati ya mapaja, nikachuchumaa mpaka chini, kama nilivyofunzwa na mama yangu. Nikapiga viganja.

"Mwakeye, Mama."

Nilisikia mfuko unabanduka kabla sijamaliza. Ukanimwagikia tumboni, ukashuka mapajani, ukapita kwenye kitenge. Harufu ikajaa uani. Nikaendelea kupiga viganja, machozi yananitoka, kwa sababu alikuwa hajaniitikia na sikuwa na ruhusa ya kusimama.

"Mama umejinyea?" Neema akauliza.

Mama mkwe alikuwa ameshanyanyuka. "Neema, lete maji. Si ya kwenye debe. Yale ya kwenye sufuria, yenye moto." Akanishika makwapani, mwanamke wa miaka sitini na kitu, akaniinua. "Ego, mwana wanje. Ego. Nimekuitikia. Simama."

Ndani alinivua kitenge mwenyewe. Nilitaka kumzuia mkono, akaupiga kofi. Akaondoa kitambaa na plastiki, akaona. Na ile stoma, kama imejua ina mgeni, ikajikunja, ikajikunjua, ikatoa kidogo, ikatulia. Mama mkwe alifunika mdomo wake kwa mikono miwili.

"Yoo, Imana!" akasema polepole, akimwita Mungu. "Kinapumua."

"Ni utumbo, Mama. Unafanya kazi."

Aliinamisha uso wake karibu kabisa, akaitazama kwa muda mrefu kama nilivyotazama jani asubuhi ile. Aliipanguza kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, pole pole, kama uso wa mtoto. Hakuna aliyemfundisha. Alipomaliza, hasira yake ikarudi.

"Mama mkwe wangu nilimtawaza kwa mikono hii mpaka siku ya kufa kwake. Wewe ulidhani nitakimbia mavi ya mwanangu? Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utamwambia Yohana aoe mwingine."

Alinitazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Nani atampokea Yohana na kukoroma kule? Wewe tu ndiye uliyevumilia!"

Alasiri ile tulirudi nyumbani watatu. Mama mkwe alibeba godoro la Neema kichwani, na juu ya godoro la Neema kulikuwa na la kwake. Alimwambia mwanawe arudi kwenye kitanda cha mkewe, na ole wake afungue dirisha kwa kiburi. Mimi akanipa sharti: "Usichuchumae tena mpaka niseme mimi. Salamu zangu utanipa ukipona." Yohana, mtu wa maneno machache, aliniomba radhi siku hiyo akiwa ameshika mlango, na nikamkubalia. Baada ya wiki mbili alikuwa anakata matundu ya mifuko vizuri kuliko mimi.

Kiangazi kikaingia, nyasi zikachomwa vilimani, anga ikawa ya moshi. Darasani niliwaeleza wanafunzi wangu. Niliwaambia vyura hawakuwa vyura. Ndipo walipocheka, na mimi nikacheka mpaka mfuko ukatikisika.

Mwezi wa tisa tulikwenda Kasulu, mimi na mama mkwe. Neema aliuliza kama mdomo wangu utaumia ukirudishwa ndani. Nikasema sijui. Nilimwahidi nitarudi, na niliogopa ahadi hiyo kwa kuwa daktari alikuwa ameshatueleza: wakiunga utumbo, kiungo kinaweza kuachia, na kikiachia ndani, wengine hawarudi. Tulikaa siku mbili kwenye korido tukisubiri kitanda. Mama mkwe alimsalimia kila aliyepita. Kabla ya kuchukuliwa niliomba dakika moja chooni. Niliiosha stoma yangu mara ya mwisho, nikaitazama ikicheza. Nilikuwa nimeichukia wiki nyingi, na bila yenyewe ningezikwa mwezi wa pili. Nikaiambia asante. Kwa sauti, ndiyo, na mtu wa choo cha pili akaitika, "Karibu."

Nilipoamka palikuwa na bandeji tu. Mahali pale palikuwa pametulia, na utulivu huo uliniogopesha. Daktari alisema sasa tusubiri kitu kimoja. Asubuhi ya kwanza akauliza, "Umejamba?" Hapana. Asubuhi ya pili vile vile, na tumbo lilikuwa linajaa. Siku ya tatu nikatapika. Neema alitupigia kila siku kwa simu ya Yohana, na swali lake ni moja: "Tumbo limesema?" Wodi nzima ya wanawake ilishajua habari zangu. Wagonjwa wasionijua waliniuliza wakipita, wengine waliniombea kwa desturi ya makanisa yao, mama mmoja Mwislamu, mwenye duka mjini, akanisomea dua na kunishika mkono. Daktari alinibonyeza tumbo, akalibonyeza tena pale pale. Alisema kesho asubuhi tutaamua kama nirudi kwenye kisu. Mama mkwe hakula siku hiyo. Alikaa sakafuni kwenye mkeka wake, mgongo ukutani, macho kwenye blanketi langu.

Asubuhi ya nne jua lilikuwa limeingia kupitia dirishani, wauguzi wanapokezana zamu. Nikasikia kitu kinatembea, mbali ndani, kutoka kushoto. Kikapita pale mlango wake wa zamani ulipokuwa, kikasita. Nikashika kingo za kitanda. Kikapita. Kikateremka njia ambayo hakikuipita tangu siku ya kupura maharage, na kikatoka, kwa sauti ndefu, mbele ya watu wote.

Mama mkwe alikuwa amesimama. Akasogea mpaka kando ya kitanda changu, akakunja kitenge chake katikati ya mapaja, na pale mbele ya wauguzi na wagonjwa, mwanamke yule ambaye ni wajukuu na wakwe wanaomchuchumalia, akachuchumaa hadi chini. Akakutanisha viganja, akavipiga taratibu akilitazama tumbo langu, machozi yakimtiririka.

"Mwakeye," akaliambia. "Mwakeye, mwakeye."

Akabaki hivyo, akipiga viganja, akisubiri kuitikiwa kama desturi inavyotaka. Nikaweka mkono juu ya bandeji, nikaitikia kwa niaba yake.

"Ego, Mama. Simama."